Wakwe Walipokuja Kuona Picha Zangu

Jamaa zangu wa bweni la zamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe, na aliyeniaibisha ni mdomo wangu mwenyewe. Wameondoka sasa hivi. Alama za magurudumu ya pikapu yao bado ziko kwenye matope hapo nje. Nawaandikia haraka kabla mtu mwingine hajawasimulia vibaya zaidi. (Sijui kama kuna vibaya zaidi.)

Tangu nihamishiwe shule hii ya karibu na Kaplong, nimekuwa na rafiki mmoja wa ajabu, Mzee Arap Mosonik. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba za wafanyakazi kwenye shamba la chai. Alipostaafu alibeba mabaki ya rangi, kijani na nyeupe, na hizo ndizo anazochorea mpaka leo. Nyekundu anaipata kwenye udongo, nyeusi kwenye makaa. Anachora juu ya mbao za masanduku ya chai. Huvaa koti la mvua hata jua likiwaka, kwa sababu, anasema, mvua ya huku haipigi hodi.

Pesa hataki. Ukiipenda picha yake anakuuliza, "Utaiweka wapi? Na itakuwa inaangalia nini?" Ukijibu ovyo anaifunika kwa gunia na mazungumzo yameisha. Ukijibu vizuri unapewa, lakini ujue umepewa pamoja na yeye. Kila Jumamosi anakuja kusalimia picha zake. Anakaa mbele yazo na kikombe cha chai, anakimaliza, halafu anaenda zake.

Watu wanasema kichwa chake kimelegea. Mimi nilimpenda, na kwa miaka mitatu nimejibu vizuri mara kumi na nne. Sebule yangu ilijaa. Zote zilikuwa picha za mama mmoja: amebeba kikapu cha majani chai, amekaa juu ya lori na mwavuli, amevaa kofia ya askari, anatembea na bata mzinga, anaosha miguu mtoni sketi ikiwa imepanda hadi magotini. Uso ni ule ule, nyusi moja juu kuliko nyingine, pengo mbele, na alama nyeusi kando ya pua. Nilimwuliza Mzee huyu ni nani. Akasema, "Ni mtu." Nikaamua kwamba hajui kuchora uso mwingine, na nikauita huo mtindo wake. (Mimi ndiye niliyepata alama za chini kabisa katika somo la sanaa chuoni. Mnakumbuka.)

Sasa, Chebet. Tumeshaenda kwao mara mbili kwa mazungumzo ya posa, huko upande wa Fort Ternan, na wazee walielewana vizuri. Ila nyanya yake, ambaye wote wanamwita Kogo, mara zote mbili alikuwa amelazwa na kifua, kwa hivyo sikumwona. Alipopona akatuma neno kwamba hatoi mjukuu aende kwa nyumba ambayo hajaiona kwa macho yake. Ndiyo wakaja leo: Kogo mwenyewe, mtoto wake Mzee Bett ambaye ni baba mkubwa wa Chebet, na wazee wengine wawili.

Mama yangu alianza kupika tangu asubuhi. Mimi nilipanguza zile mbao moja moja kwa kitambaa chenye maji. Saa nne hivi nikasikia buti nje. Ilikuwa Jumamosi. Katika haraka zangu nilikuwa nimesahau kabisa.

Hapa nitawaambia ukweli, na ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote. Nilimwangalia rafiki yangu, koti la mvua limefungwa kwa kamba ya katani, rangi ya kijani kwenye ndevu, nikamwonea aibu.

"Mzee," nikamwambia, "leo nina wageni wakubwa. Si ungekaa jikoni kidogo?"

"Na bicha?" (P ya mwanzo wa neno kwake hutoka b.)

"Utaziona wakienda."

Hakubisha. Akaingia jikoni, akakaa juu ya debe karibu na moto. Mama akampa chai na akaniangalia mimi kwa macho ambayo nilijifanya siyaoni.

Saa sita wageni wakafika. Njia ilikuwa matope matupu, kwa hivyo Kogo alibaki nyuma kidogo, mama yangu akimmwagia maji aoshe viatu vyake. Mzee Bett na wale wengine wakaingia, wakakaa, na macho yao yakaenda ukutani moja kwa moja. Wakazitazama zote, ubao kwa ubao. Nilidhani ni heshima kwa sanaa.

"Mwalimu," akaanza Mzee Bett, taratibu, "hizi umetoa wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kujibu kwa maneno mawili na kuleta chai. Badala yake nikachukua rula yangu ya ubaoni. Nikasimama kama niko Darasa la Saba. Nikawaeleza habari ya masanduku ya chai na ya udongo mwekundu. Nikawaeleza maana ya bata mzinga. (Haina maana. Niliitunga hapo hapo.) Mzee Bett alikohoa. Mmoja wa wale wazee akainua mkono kidogo kama anayeomba ruhusa. Nikawaambia maswali mwisho.

"Sasa angalieni huu uso," nikasema, na kugonga ubao kwa rula. "Huyu mama hayuko duniani. Mchoraji amemtunga kichwani. Ni kichekesho tu. Angalieni hii nyusi, imepanda kama inataka kutoroka. Mungu angemwumba nani hivi?"

Nikageuka niwaone.

Kwenye mlango alikuwa amesimama mama mmoja mzee, viatu mkononi. Nyusi moja ilikuwa juu kuliko nyingine. Alama nyeusi ilikuwa kando ya pua. Akafungua mdomo kwa mshangao, na pengo likawa pale pale nilipokuwa nimeelekeza rula.

Nilitamani sakafu ifunguke. Ni ya saruji.

"Mwalimu," akasema Mzee Bett, "huyo ni mama yangu." Akanyoosha kidole kwenye ile ya mtoni. "Na pale ni mama yangu anaonyesha magoti."

"Mimi sikujua," nikasema. "Mimi nilipenda tu hiyo sura. Nimekuwa nikiikusanya."

Nilisikia jinsi ilivyotoka. Mzee Bett akasimama na kuchukua kofia yake. "Unakusanya mama yangu," akasema. Wale wazee wawili wakasimama pia. Kwa miaka miwili nimemngoja Chebet, na nilimwona akiondoka kupitia mlango huo bila hata kuwa ndani ya nyumba.

Wakati huo Mzee Mosonik akatokea jikoni na kikombe chake. Nadhani alichoka kungoja. Alikuwa anaelekea kwenye kiti chake cha kila Jumamosi, halafu akamwona Kogo. Akasimama. Akaweka kikombe chini sakafuni polepole, kama kitu kinachoweza kuamsha mtoto, na akafungua ile kamba ya katani akavua koti la mvua. Sijawahi kumwona bila hilo koti. Ndani alikuwa na shati jeupe, safi.

"Fort Ternan," akasema. "Stesheni. Ulikuwa unauza mahindi ya kuchemsha."

"Niliuza, ndiyo," Kogo akajibu. "Miaka mingi."

"Walinishusha kwa treni bila tikiti. Nilikuwa na homa. Ulinilaza nyuma ya kibanda, ukanifunika na kanga yako, ukanipa chai siku tatu. Ukaniambia nisife hapo, nitakufukuzia wateja. Niliporudi kusema asante ulikuwa umeshaolewa, umehama stesheni, na jina sikuwa nimeuliza. Nikaona nitasahau sura. Ndiyo nikaanza kuchora."

Kogo alimkazia macho muda mrefu. Sote tulingoja amkumbuke.

"Sikukumbuki," akasema.

"Si lazima," akajibu Mzee Mosonik. "Mimi nakumbuka."

Basi yule mama akaweka viatu chini, akaanza kuzunguka sebule yangu. Alisimama mbele ya kila ubao. Kwenye ile ya lori aliguna. Kwenye ile ya kofia ya askari mabega yake yalianza kutikisika, na nikajua anacheka. Ile ya mtoni aliitazama kuliko zote, halafu akamwambia mtoto wake, "Keti, Bett. Hayo magoti hata si yangu. Yangu yalikuwa mazuri zaidi."

Mzee Bett akaketi.

"Na huyu ndege?" Kogo akauliza. "Mimi sijawahi kufuga bata mzinga."

"Nilikuongezea."

"Kwa nini?"

"Kwenye hiyo bicha ulikuwa beke yako."

Kogo alishika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akajipangusa macho, akaomba chai.

Tulikula. Mazungumzo yalienda vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimwomba Kogo msamaha kwa yale maneno ya Mungu na uumbaji, akasema ameshaambiwa mabaya zaidi na marehemu mumewe. Mzee Mosonik nilimtambulisha kwa wageni mbele ya wote, nikasema huyu ni rafiki yangu, na nilikosea kumweka jikoni. Alinipigapiga begani akaendelea na nyama yake.

Mwishoni Mzee Bett akatangaza kwamba familia imekubali. Nikashusha pumzi. Halafu Kogo akainua kidole.

"Msichana atakuja hapa," akasema. "Lakini mimi siwezi kukaa kwa mkwe. Si heshima. Nitaenda na mimi wote."

Nilidhani ni mzaha mpaka wale wazee walipoanza kuzishusha picha ukutani. Zote kumi na nne. Zilifungwa kwa blanketi langu na kupangwa nyuma ya pikapu, na mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa kila ubao. Ile ya bata mzinga niliichelewesha kidogo mlangoni. Kogo akaniambia, "Leta, mwanangu."

Mzee Mosonik akapanda nyuma pamoja nazo. Nilimwuliza anaenda wapi. Akanishangaa. "Jumamosi nitasalimia nani hapa?" akasema, na akakaa juu ya gurudumu la akiba, shati jeupe na yote. Hata koti alilisahau. Nimelikunja vizuri, nitampelekea.

Kwa hivyo nimepata mke na nimebaki na misumari kumi na nne ukutani. Mama ameshatundika kikapu cha vitunguu kwenye mmoja, anasema angalau vitunguu hakuna mtu atakuja kudai ni nyanya yake. Mkijibu barua hii, niulizeni habari za harusi, na za harusi tu.