Kitenzi cha Hiba na Mdomo Wangu

Jumapili, 2 Novemba

Nimemkosea Hiba, mtoto wa marehemu ndugu yangu. Makusudi! Jumatano anasimama chuoni Nizwa mbele ya walimu kueleza kitenzi alichokisomea: deikō. Wakimkubali, anapata shahada. Wakimkataa, hana.

Alinieleza jikoni, maskini, kwa furaha. Deikō, nasema. Deikes, wasema. Deiket, asema. Asili yake kuonyesha, baadaye ndo ikawa kusema. Lugha ya Italia, kabla ya Kilatini. Hakuna aliyekiona kimeandikwa. Wataalamu wanakikisia tu kwa kulinganisha lugha zilizokuja baadaye.

Jioni barazani, hapa Ibra, jirani yangu Humoud akatamba tena: mwanawe ni daktari mjini Sur. Sikuvumilia. Nikasema Hiba kagundua kitenzi kikongwe, na asili yake Ibra. Kama hakuna aliyekiona, nani atanikatalia?

Jumatatu, 3 Novemba

Mji mzima unajua. Mke wangu Ghaniya kanambia nikakanushe leo leo, mtu mzima sina haya. Nikaenda. Watu wakasimama kunipa mkono. Nikashindwa. Nikaongeza kuwa kilipelekwa Italia na mfanyabiashara wa tende. Wa ukoo wetu.

Jumatano, 5 Novemba

Ya Rabbi! Humoud kaja Nizwa na basi zima la watu. Ngoma, haluwa, mabirika ya kahawa. Hiba kafika kwenye deikomos, twasema, mzee mmoja akanyanyuka kuuliza yule wa tende atatajwa lini. Mwalimu akamuuliza Hiba kama huo ndo utafiti wake. Hiba akanitazama. Hakunitaja.

Uamuzi wameuweka Jumapili.

Tukirudi garini, tukafika Bidbid. Hapo akasema: Ami, mie baba sina, nilikuwa nakutegemea wewe. Nikashuka kutia petroli, na tangi limejaa. Nililia nyuma ya pampu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetubu. Jumapili, kabla hawajaamua, nitamwambia mwalimu wake: uwongo wangu, mtoto hana kosa. Peke yangu. Nimemwapia Ghaniya.

Tatizo, Humoud kaniuliza Nizwa nafuata nini tena. Kumwambia yeye naenda kuomba radhi? Siwezi! Nimesema mwalimu ananiita kunipa tuzo. Wanakuja wote kunishangilia, safari hii mabasi mawili.

Haidhuru. Jumapili, saa mbili asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa mwalimu, inshallah, na nitasema kweli. Polepole, wasinisikie.