Malalamiko Dhidi ya Dambi Wanaofanya Kazi Kupita Kiasi

Kijiji cha Jatgol,
Mwezi wa kumi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Hifadhi ya Msitu

Ndugu Mkuu,

Nakutakia afya wewe na watumishi wote walio chini yako. Mimi ni Pan Ok-bun, mke wa Do Man-sik, mkulima wa misonobari. Nakuandikia kwa heshima kuwashtaki wanyama wenu waitwao dambi, wale warefu kama nguchiro, wenye koo la njano na mkia usiokwisha. Sisemi kwamba ni wavivu. Laiti wangekuwa wavivu!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wamemwachisha kazi mume wangu. Kwa miaka thelathini na moja Man-sik alifukuza kindi wasile kokwa za misonobari yetu. Alipiga beseni la bati, alipuliza filimbi, aliwatukana kindi ukoo kwa ukoo. Kijiji kizima kilimwita Kamanda. Mwaka juzi dambi watatu wakahamia mlimani. Msimu mmoja tu, kindi wakawa wa kuhesabika. Sasa hata wa dawa humpati. Kokwa zimejaa mpaka matawi yanainama. Na Kamanda yuko jikoni kwangu tangu asubuhi.

2. Jikoni. Nimetia kabichi chumvi ya kutengenezea kimchi miaka arobaini na sita bila msimamizi. Leo naambiwa, "Ok-bun, mbona chumvi yako inaelemea upande mmoja?" Nikamwambia, "Mzee, hebu nenda kaangalie misonobari." Akanijibu, "Nikaangalie nini? Wenyewe wapo."

3. Hawajui zamu. Wanawinda mchana kweupe, watatu pamoja: mmoja anamkimbiza kindi, wa pili anamngoja juu, wa tatu anaziba njia, na hawagombani. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Gil, kila mkutano anatusimanga: "Watazameni dambi! Nyie hata kupanga viti mnakunjana mashati!" Tena wamekula vitoto vya nguruwe mwitu hadi nguruwe wakahama, na waume wa majirani zangu Bi. Hyeon na Bi. Chu, waliokuwa wakilinda mashamba ya figili, nao wamerudi nyumbani. Bi. Chu anasema wake ameanza kupanga upya mitungi ya soya kwa urefu.

4. Wanakula zabibu mwitu, kisha wanakwenda kujisaidia juu ya kaburi la baba mkwe wangu. Mzabibu umeota pale. Tulipokwenda kufyeka majani kabla ya sikukuu ya mavuno, nilimpa Man-sik mundu aukate. Akaushika mzabibu, akasema, "Mimi mwanawe sijampandia hata ua." Mundu akanirudishia.

5. Waliiba pia asali ya Bwana Gil. Hilo silalamikii.

Nilimweleza haya afisa wenu, Bwana Tak, alipokuja kufunga kamera mtini. Akasema, "Mama, chui milia hayupo tena, chui hayupo, mbwa mwitu hayupo. Msitu mzima umebaki mikononi mwa hawa wadogo. Wanapunguza wanaozidi, wanapanda mbegu, kazi yote ni yao." Nikamwuliza, "Sasa kama kazi ni nyingi hivyo, mbona hamkuwapa msaidizi? Mume wangu si yupo?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka, Ndugu Mkuu, kwa sababu wiki ile ile nilimkuta Man-sik ameketi chini ya misonobari, beseni liko magotini. Dambi mmoja alikuwa tawini, anamtazama. Mume wangu akaniuliza bila kugeuka, "Miaka thelathini na moja, Ok-bun. Hawa, msimu mmoja. Mimi nilikuwa nafanya nini?" Nikamwambia mchuzi unapoa.

Kwa hiyo naomba dambi wapewe likizo ya siku nne kila wiki. Turudishiwe na kindi arobaini, wazima na wenye njaa. Ikishindikana, dambi wahamishiwe mlima ambao wanawake wake hawajaolewa.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na Bwana Tak, na mama yake aliyemzalia meno mazuri ya kuwachekea watu.

Mimi mwenye jiko lililovamiwa,
Pan Ok-bun
(pamoja na mihuri ya Bi. Hyeon na Bi. Chu)

Nyongeza: Tafadhali usitekeleze lolote hapo juu. Kabla sijapata bahasha, dambi mmoja alinaswa mguu na waya uliotegwa njiani. Man-sik alimfunika kwa koti, akaukata waya kwa mkasi wangu wa kimchi, akaumwa kidole gumba. Mnyama akaenda zake akichechemea, wenzake wawili wanamngoja juu. Tangu siku hiyo mume wangu anashinda mlimani akisaka mitego. Ameshang'oa kumi na miwili, na kile kidole anamwonyesha kila mtu. Nyumbani kumetulia mpaka naongea peke yangu.

Neno moja libaki kati yetu. Ule waya niliutega mimi, siku nilipokasirika. Man-sik hajui. Ameapa kumtafuta mwenye waya hadi ampate, na ameniomba nimsaidie. Nimekubali. Kwa jinsi nitakavyomsaidia, ni kazi ya miaka mingi.