Suruali Yangu na Nyayo za Kunngi

Jumatatu, 15 Aprili

Baba mkwe katangaza. Yule mtoto wa mbwa, jike, wa mwisho katika uzao wa mbwa wake kiongozi, atapewa mkwe mmoja tu. Ama mimi, ama Tittus, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada yake mke wangu Bibiane. Sharti ni hili: Jumamosi kila mmoja aende na sleji yake ya kuvutwa na mbwa hadi kibanda cha uvuvi ng'ambo ya ghuba, arudi na samaki, kisha mzee akague nyayo za mbwa. Mwenye nyayo nzima anamchukua mtoto. Atakayemwaga damu kwenye theluji, shauri yake.

Namtaka yule mtoto! Namtaka kufa. Kiongozi wangu Kunngi amezeeka. Bila mrithi, mwakani nitavuta sleji mwenyewe na mbwa watapanda.

Taabu ni theluji ya mwisho wa baridi. Mchana jua linailainisha, usiku inaganda, asubuhi ni vigae vya chupa. Tittus kaagiza viatu vya mbwa kutoka Denmaki. Vyekundu! Kapita navyo mbele ya dirisha langu, eti anatafuta njia. Njia gani? Kijiji kizima kina njia moja!

Cheka, Tittus. Mimi nina akili.

Jumanne, 16 Aprili

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Wazee wetu waliwavisha mbwa viatu vya ngozi ya sili wa baharini! Nimemwomba Bibiane anishonee. Kasema wazee walikuwa na akili na ngozi, mimi nina ngozi tu.

Na kweli ninayo. Suruali yangu ya kuwindia. Magoti yamekwisha, ila makalio bado imara. Nimekata, nimeshona mwenyewe kutwa, vidole vimetoboka. Viatu vinafanana na vifuko vya chumvi. Lakini vifuko hodari.

Alhamisi, 18 Aprili

Ngozi ilikuwa ngumu, nikaipaka mafuta ya sili. Nikakanda, nikapaka tena. Sasa ni laini kama shavu la mtoto mchanga. Jioni nimewavisha mbwa wote, walale navyo wavizoee. Kunngi kanusa mguu wake, kaniangalia kwa shukrani. Sijapata kuona mbwa akishukuru vile. Mate yalimtoka.

Jirani yetu, mama Juditta, kapita na ndoo yake, kauliza kwa nini leo nawapa mbwa chakula miguuni. Nimemwambia mama, haya ni mambo ya utaalamu, nenda salama.

Ijumaa, 19 Aprili

Wamevila! Vyote! Na kamba zake! Suruali yangu nzima imo matumboni mwa mbwa. Walipomaliza wakalambana nyayo hadi zikang'aa.

Mama Juditta hakukawia, kijiji kizima kinajua. Dukani Tittus kaniuliza mbele za watu, mwanyumba, mbwa wako kesho watakula koti? Muuzaji kacheka hadi kaegemea friji. Bibiane kasema hata mtoto wa chekechea hapa kwetu anajua mbwa hula ngozi ya sili. Nimemjibu kwamba mtoto huyo hajaifanyia utafiti.

Nimekwenda kwa mzee kumtazama yule mtoto wa mbwa. Kaning'ata glavu, kaikokota, kaangukia pua. Roho imeniuma. Nimeona wazi kwamba kesho atakuwa wa Tittus.

Jumamosi, 20 Aprili

USHINDI! Niandike kwa utaratibu.

Alfajiri Tittus kaondoka, viatu vyekundu vinamwekamweka. Mbwa wangu hawakuondoka. Suruali iliwavuruga matumbo. Nimevuta, nimebembeleza, nimetukana. Kunngi kalala chali. Jua lilipopanda juu ndipo wakakubali kusimama. Nikaondoka hivyo hivyo, nimevaa suruali ya Bibiane ya baridi, ya zambarau, maana yangu mnajua iliko.

Safari ya aibu. Kila hatua chache mbwa mmoja anachuchumaa, wengine wanakaa kumngoja, wanajing'oa barafu vidoleni kwa meno, bila haraka, kama wako kwao. Nimelia kwa hasira, machozi yakaganda. Tumekwenda kwenye theluji laini kama uji. Katikati ya ghuba nikakutana na Tittus anarudi. Kapaza sauti, mwanyumba, nisalimie samaki ukifika kesho kutwa! Nami nikamwona anavyopendeza, nikamchukia.

Nimerudi na samaki, wa mwisho kabisa. Watu wote nje. Mzee kaanza na mbwa wa Tittus, kafungua viatu vyekundu kimoja kimoja. Lahaula! Theluji ilikuwa imeingia ndani, ikagandamana madonge, na Tittus hakufungua hata mara moja njiani. Ngozi imechubuka, kucha zinavuja damu.

Kisha Kunngi. Mzee kashika wayo, kaubonyeza, kaunusa, kasema una harufu ya suruali. Lakini mzima! Wote wazima! Kaniuliza kwa nini nilichelewa kutoka. Nikafungua kinywa niseme kweli. Yeye akawageukia watu, kasema hivi ndivyo baba yake alivyofanya zamani: kungoja jua lilainishe njia, kusimama kila mara mbwa wajisafishe vidole. Mwenda pole hajikwai.

Nikafunga kinywa. Nikaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeombwa siri za wahenga.

Tittus kauliza kama suruali ya mke nayo ni ya wahenga. Mtoto wa mbwa alikuwa mikononi mwangu, na nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Jumapili, 21 Aprili

Kahawa na keki nyumbani kwetu tangu watu watoke kanisani. Viatu vya wageni vimejaa mlangoni. Nimesimulia ushindi kwa kila aliyeingia. Alipofika mama Juditta, katika hadithi yangu nilikuwa tayari nimelipima jua kwa wiki nzima. Bibiane alishikwa na kikohozi cha ajabu. Hata Tittus kaja, kala keki tatu, kasema nina nyota. Nyota! Mtu akikosa akili huiita nyota.

Jumatatu, 22 Aprili

Mtoto nimempa jina Naasoq. Nyayo zake ni laini mno, na kiongozi wa kesho hulindwa leo. Nimetafakari sana kosa la wiki iliyopita, nimelipata. Mafuta yalikuwa machache.

Bibiane yuko kwa dada yake. Viatu vyake vyeupe vya sherehe, ngozi ya sili safi kabisa, havihitaji hadi kipaimara cha mtoto wa Tittus. Nimekata kidogo tu. Nimepaka mafuta mengi, nimemvisha Naasoq miguu yote minne. Amependeza!

Ninapoandika haya ametulia mlangoni, mtoto mwenye adabu. Kimya kabisa. Anatafuna kitu. Bila shaka ni mfupa.