Kadri ya Santimita Hamsini

Jumatatu, 15 Machi 1993

Naapa kuandika yote katika daftari hili, hata yatakayonitia haya. Mimi ni Fidélie Numbi, miaka kumi na mitano, Kolwezi.

Mama Adolphine, mwalimu wetu wa hesabu, ametangaza triatlon ya Jumatatu ya Pasaka: kuogelea, baiskeli, kukimbia. Kuogelea kumeshafutwa. Bwawa la kampuni ya migodi halina maji tangu Novemba. Mna majani na kiatu kimoja. Michezo imebaki miwili. Mama Adolphine amesema jina libaki vilevile, kwa heshima.

Baiskeli yangu ni ya baba. Nikikaa kitini, miguu inaning'inia. Mwenzangu wa darasani Mamie amesema nafanana na nguo zilizoanikwa. Darasa zima lilicheka. Hata Tshibola, rafiki yangu tangu shule ya msingi!

Jumanne, 16 Machi

Mama Adolphine amenifundisha kanuni. Pima mguu kwa ndani, ukiwa peku, toka kisigino hadi juu. Chukua theluthi mbili. Hicho ndicho kipimo cha kadri yako, yaani fremu ya baiskeli inayokufaa, kuanzia pedali zinapozungukia hadi mwisho wa bomba la kiti. Mguu wangu: santimita sabini na tano. Kadri yangu: hamsini. Kadri ya baba: sitini! Kumbe si kosa la miguu yangu.

Tshibola hakuja shuleni. Asili yao ni mkoa wa Kasai, ingawa baba yake alizaliwa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni, kama baba yangu. Vijana wamepita nyumba kwa nyumba wakisema Wakasai warudi kwao. Sasa familia yake inalala stesheni pamoja na maelfu, wakingoja treni.

Stesheni imejaa baiskeli. Anayeondoka na ndogo huenda akataka kubwa, ibebe mizigo zaidi. Nitapima zote, nipate ya hamsini, tubadilishane. Naona aibu kuandika kwamba wazo hili lilinijia kabla ya huruma.

Alhamisi, 18 Machi

Nilikwenda na sare ya shule, mita ya kushonea ya mama, na daftari. Baiskeli ya kwanza: hamsini na sita. Ya pili: hamsini na nane. Mwenyewe hakuuliza kwa nini napima. Aliuliza namba yake ni ngapi. Nikasema mbili. Nilipogeuka, foleni!

Walidhani nimetumwa na stesheni kuandikisha baiskeli zitakazopakiwa. Sisi sote tumekulia kwenye orodha za kampuni: orodha ya unga, ya nyumba, ya hospitali. Hapa mwenye mita na daftari haulizwi kitu.

Baba mmoja alipiga kelele: "Ee mademoiselle, andika yangu mbele, mi niko na batoto sita!" Wa nyuma yake akaitazama baiskeli ile, akamjibu: "Batoto sita banaenda Kasai juu ya kinga moja?" Walicheka, watu ambao hawajala tangu juzi. Ningewezaje kusema ukweli pale? Niliandika. Baiskeli arobaini na moja. Kila mmoja nilimkatia kikaratasi chenye namba.

Baada ya hao akaja wa mwisho, Tata Tshiamala, baba yake Tshibola, na baiskeli ya Tshibola. Hamsini. Hamsini kamili! Tata akasema: "Kumbe ni weye banatuma, mwanangu? Mungu akubariki."

Nikampa namba arobaini na mbili.

Jumamosi, 20 Machi

Nilirudi kusema ukweli. Nilimkuta mchuuzi Polycarpe akimpa Tata Tshiamala gunia la unga kwa baiskeli ile. Gunia zima! Tata alikataa. Alitoa kikaratasi mfukoni, akakifungua taratibu kama cheti cha ubatizo. Alisema yake imeandikwa, iko mu liste, ataihitaji kule kutafuta kazi. Polycarpe aliuliza liste ya nani. Tata alininyooshea kidole, kwa fahari.

Polycarpe aliniuliza kama ni kweli.

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimekuja kusema hapana.

Jumatatu, 22 Machi

Treni imekuja. Askari walisema watu tu, kinga hapana, baiskeli zote zibaki. Watu waliinua vikaratasi vyangu. Askari mmoja alikisoma kimoja, akauliza hii ni mwandiko ya mutoto gani. Nilijificha nyuma ya mama mmoja mnene.

Tshibola aliniona tu. Alinisukumia baiskeli kati ya watu. "Shika, Fidélie. Heri weye kuliko bale askari." Hakuwa na hasira. Baba yake alikuwa amepanda, ametazama mikono yake. Sufuria yao ilifungwa kwa kamba, tupu. Polycarpe alikuwa ameshaondoka na unga wake.

Nilirudi nyumbani nikiendesha. Miguu ilifika vizuri kabisa. Nililia njia nzima bila kuyumba hata mara moja.

Jumatatu, 12 Aprili, Pasaka

Triatlon. Tulikuwa wanne. Nimekuwa wa pili. Mamie amekuwa wa kwanza, kwenye kadri isiyomfaa hata kidogo! Mama Adolphine amesifu mkao wangu. Nilishuka kabla hajamaliza.

Nimeamua: Tshibola arudishiwe baiskeli yake. Lakini kwanza barua. Baada ya mashindano nilikwenda stesheni, bado imejaa, nikaanza kuandika majina ya wanaokwenda Mwene-Ditu, huko Kasai walikokwenda akina Tshibola, nipate wa kubeba barua. Nimepata sitini kabla ya jua kuzama! Walijipanga wenyewe. Nimewapa namba, wasigombane. Wamefurahi sana.

Namba kumi na saba, Mama Tshiela, ameahidi kukupa kurasa hizi, ndizo barua yangu, Tshibola. Sasa unajua: orodha haikuwa ya stesheni. Ilikuwa yangu, kwa ajili ya miguu yangu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, lakini nijibu kwa mtu wa kwanza utakayempata: siku zote zile ndani ya treni, mulikula nini?