Moshi Wote kwa Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Makao makuu wanataka ripoti ya moshi wa injini zetu za treni za mizigo, unaohesabiwa kwa dizeli ambayo kila injini imeunguza. Yadi yenye injini safi nyingi kuliko zote, karani wake anapanda cheo. Karani ni mimi! Karani wa stoo ya dizeli kasema siwezi kupunguza hata moshi wa sigara yangu. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Injini tano, zote zinanguruma bila kazi tangu asubuhi. Nikawaomba madereva wazizime wakisubiri mizigo. Wakacheka. Eti betri zimechoka, zikizimwa haziwaki tena. Nimerudi mikono mitupu, lakini akili imenijia: dizeli yote iliyoungua bure naiandikia Namba Saba, kile kizee cha kusukuma mabehewa. Zilizobaki zitang'aa! Dereva wake ni kaka yangu, hatanuna.

Ijumaa, 7 Machi
Ripoti imekwenda. Wa stoo kauliza kizee kimekunywaje dizeli ya injini tano. Nikamjibu kina kiu ya uzeeni. Kaondoka akitikisa kichwa. Wivu huo!

Jumatano, 12 Machi
Majibu yamefika. Injini nne zimesifiwa. Namba Saba ikatwe chuma chakavu, dereva wake apumzishwe. Apumzishwe! Kaka! Miaka thelathini na mmoja kazini. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyeniombea kazi hapa. Nimeandika barua ya kusahihisha ripoti. Nikaisoma mara tatu. Nikaitia kwenye droo, chini ya mihuri. Najichukia.

Ijumaa, 14 Machi
Kaka amekabidhi injini. Kwanza aliifuta vioo vyote, kana kwamba kesho ana safari. Shemeji kanipigia simu, kauliza kweli mimi niliye ofisini nimeshindwa kumsemea kaka yangu. Nikasema nimejaribu kila njia. Kaka mwenyewe kaniambia nisijilaumu, huenda yeye ndiye alikuwa akichoma mafuta ovyo. Kanishika bega. Nimelia chooni, bomba nimelifungua wasinisikie.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepanda cheo! Meza mpya, kiti kinachozunguka. Wa stoo hakunipa hata mkono. Ripoti nyingine inatakiwa mwisho wa mwezi, na injini nne bado zinanguruma dirishani, moshi ule ule. Dizeli lazima iandikiwe mtu. Nimeichagua Namba Mbili. Dereva wake ni mjomba, mtu mpole, haulizi maswali.