Milango Miwili ya Mama Eucabeth

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Nakuru, wa ngozi zote na wa matumbo yote, kwamba tatizo la nzi limekwisha. Limemalizwa na Kamati ya Ulaji wa Hadharani, ambayo katika mwaka wa 1956 ilikutana mara kumi na moja, mara tisa kati ya hizo chakula kikiwa mezani, ikagundua jambo ambalo kamati nyingine zote zilikuwa zimelipita bila kuliona: nzi huletwa na msongamano wa mlangoni. Mtu anayeingia hotelini akigongana na mtu anayetoka, hapo ndipo nzi hupata nafasi.

Kwa hiyo, kuanzia tarehe mosi Machi mwaka wa 1957, kila nyumba ya kula iwe na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Anayeingia kwa mlango wa kutokea ana kosa. Anayetoka kwa mlango wa kuingilia ana kosa. Anayeingia au kutoka pasipo mlango wowote ana kosa kubwa zaidi, ingawa Kamati haikueleza mtu wa namna hiyo angekuwa amepitia wapi.

Aliyechaguliwa kuusimamia mpango huu alikuwa Hezekiah Khaemba, na hakuna aliyestahili zaidi. Kwa miaka sita alikuwa amehesabu mikia ya panya waliouawa katika maghala ya mahindi, na hakuna mkia hata mmoja uliowahi kupotea mikononi mwake. Sasa alipandishwa cheo akawa Mkaguzi Msaidizi wa Milango ya Milo, akapewa kofia ya kaki, filimbi, na kitabu kidogo cha kanuni. Kofia aliipenda. Kitabu alikipenda zaidi. Alikisoma kama watu wengine wanavyosoma Zaburi, taratibu, akirudia mistari inayomfariji.

Kwa wiki nzima kazi ilikwenda vizuri. Wenye hoteli za Bondeni walilalamika, kisha wakatoboa kuta na kuweka milango ya pili. Shida ilianza siku Hezekiah alipofika karibu na geti la reli, kwa Mama Eucabeth Achola.

Huko hakufika kama mgeni. Alikuwa amekula pale kila mchana kwa miaka minne, ugali na matumbo, Ijumaa samaki walioletwa na treni kutoka Kisumu. Kibanda chenyewe kilikuwa nguzo nne na paa la madebe yaliyonyooshwa. Chini ya paa kulikuwa na meko, meza moja ndefu na mabenchi mawili. Ukuta hakuna. Upepo uliingia upande wa ziwa na kutokea upande wa mlima wa Menengai, na kama Kamati ingeuona ungepewa cheti.

"Mama," alisema Hezekiah, akivua kofia kisha akakumbuka cheo na kuivaa tena, "milango iko wapi?"

"Milango ya nini, omera, ndugu yangu? Unaona nyumba hapa?"

"Naona meza. Watu wanakula. Kwa kitabu hii ni nyumba ya kula. Usipokuwa na milango kwa siku kumi na nne, inavunjwa."

Mama Eucabeth aliweka mwiko chini. Tangu mumewe alipovunjika mguu kwenye mabehewa, kibanda hicho ndicho kilichoilisha nyumba yake. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi na wewe utafute mahali pa kula."

Hiyo siku hakumaliza ugali wake. Aliketi pale akifungua kitabu, mbele na nyuma, akitafuta huruma. Huruma haikuwamo. Lakini kwenye ukurasa wa tano aliona kitu kingine, akainuka ghafla hata benchi likatikisika.

"Mama! Kanuni haisemi ukuta!"

"Inasema nini?"

"Inasema milango miwili. Ukuta hakuna mahali umetajwa. Wewe weka milango."

"Niweke kwa nini? Kwa hewa?"

"Hapo kitabu kimenyamaza," alisema Hezekiah kwa heshima.

Milango ililetwa na Kipketer, dereva wa lori la mbao kutoka Elburgon, aliyekuwa akinywa chai pale kila alipopita na hakutaka kusikia kwamba hakutakuwa na chai. Alileta miwili, na fremu zake, iliyokataliwa na mlowezi mmoja wa Ndabibi kwa sababu haikulingana. "Lakini mama, hii mbao bado mbichi," alionya. "Ikinyeshewa itavimba." Mama Eucabeth alisema ivimbe tu, mradi isimame. Wakaichimbia chini, mmoja mashariki, mwingine magharibi, Hezekiah akaandika kwa chokaa: KUINGIA. KUTOKA.

Siku ya kwanza watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Siku ya pili walicheka kidogo. Kufikia siku ya tano makuli wa stesheni walikuwa wanapanga foleni mbele ya mlango wa KUINGIA, wanabisha hodi, na kungoja waitikiwe na watu waliokuwa wakitazamana nao macho kwa macho. Mwanadamu ukimpa mlango ataupita, na Kamati ilikuwa imelijua hilo kabla yetu.

Wachache tu ndio waliosumbua. Waithaka, muuza viazi kutoka Bahati, alikuja siku moja ameshikwa na njaa, akapita katikati ya nguzo na kuketi. Filimbi ikalia.

"Toka uingie," alisema Hezekiah.

"Kwani siko ndani?"

"Kwa macho uko ndani. Kwa sheria bado uko nje."

"Na hii sahani iko mbele yangu?"

"Sahani iko ndani. Wewe ndiye uko nje."

Waithaka akainuka, na kwa kuwa alikuwa hajaingia, ikabidi waamue kama ana haja ya kutoka kwa mlango. Hezekiah alisoma kitabu kwa dakika nne. Ugali wa watu ulipoa, lakini haki ilitendeka.

Nzi nao walihesabiwa. Hezekiah aliandika katika taarifa yake kwamba hakuna nzi hata mmoja aliyeonekana akiingia kwa mlango wa KUINGIA, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Kamati ilifurahi sana. Ikaipeleka taarifa Nairobi, na Nairobi ikajibu kwamba Bwana Mkubwa wa Afya angekuja mwenyewe kuona.

Alikuja siku ya Jumanne, mwezi wa Aprili, asubuhi baada ya mvua kubwa. Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Pettifer, alimleta kwa motokaa hadi getini. Walikuwa warefu wote wawili, na soksi zao zilikuwa zimevutwa hadi magotini. Makuli walijaa pande zote. Bwana Pettifer alitembea moja kwa moja mpaka mlango wa KUINGIA, akaufungua kwa adabu, akampisha mgeni, akafuata na kuufunga nyuma yake. Kisha akainua macho.

Aliona Menengai. Aliona stesheni. Aliona watu wapatao mia moja, na wote walikuwa wakimwona.

"Hezekiah! Hii kitu gani? Kuta iko wapi?"

"Kuta hakuna, bwana. Milango iko."

"Mimi iko mjinga? Hapana kuta, hapana nyumba! Hii upuuzi! Vunja yote, leo leo!"

Mama Eucabeth alikuwa ameshika bakuli la matumbo. Alilitua polepole mezani, akafuta mikono kwenye leso, akamtazama Hezekiah. Hakumwomba kitu. Hezekiah alitamani ardhi ipasuke immeze, kofia na yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwambia mama huyu aweke milango.

Bwana Pettifer alikuwa ameshika kiwiko cha mgeni wake. "Twende," alisema, akageuka upande wa motokaa, na kuinua mguu mmoja kupita kati ya nguzo mbili.

Filimbi ikalia.

Waliokuwepo wanasema Hezekiah mwenyewe alishtuka kuisikia. Ilikuwa mdomoni mwake na alikuwa ameipuliza kwa nguvu zote za kifua. Mguu wa Mwenyekiti ulibaki hewani.

"Samahani, bwana," alisema Hezekiah. "Hapo si mlango."

"Nini?"

"Mlango wa kutoka ni ule."

Uso wa Bwana Pettifer ulibadilika rangi mara mbili. Lakini watu mia walikuwa wanatazama, na Bwana Mkubwa wa Afya alikuwa anatazama, naye alikuwa amesafiri usiku kucha kuja kuona kanuni hii ikifuatwa. Mguu ukarudi chini. Mwenyekiti akaenda kwenye mlango wa KUTOKA, akausukuma. Haukusogea. Akausukuma kwa bega. Mvua ilikuwa imeshafanya kazi yake, na mbao ya Elburgon ilikuwa imevimba ndani ya fremu kama mguu ndani ya kiatu cha kuazima.

"Nitatoka kwa huu mwingine."

"Hilo ni kosa la kifungu cha tatu, bwana," alisema Hezekiah kwa huzuni ya kweli.

"Leta fundi!"

Kipketer alikuwapo, na randa alikuwa nayo ndani ya lori. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya KUINGIA, amesimama vizuri kama raia mwema. "Niko tayari, bwana," aliita. "Lakini benchi imejaa. Siwezi kuingia mpaka mtu atoke."

Upande wa pili wa kibanda mtu alianza kucheka, akazibwa mdomo na wenzake. Hakuna aliyetaka kukosa neno.

Hapo Hezekiah akafungua kitabu chake. "Bwana, kuna njia moja. Bwana amesema hapana kuta, hapana nyumba. Kama hapa si nyumba ya kula, Bwana anaweza kutoka popote anapopenda. Lakini basi kanuni haimhusu huyu mama, na hakuna la kuvunja. Kama ni nyumba ya kula, basi mlango ni ule, na tungoje jua liukaushe." Akatazama angani. "Labda kesho."

Bwana Mkubwa wa Afya alitazama saa. Treni yake ilikuwa inaondoka saa nane. Alimwambia Mwenyekiti maneno machache kwa Kiingereza, ya chini chini, na yaliyojaa baridi.

Bwana Pettifer akaomba karatasi. Aliandika akiwa amesimama, kwamba mahali panapoendeshwa na Eucabeth Achola karibu na geti la reli, kwa kukosa kuta, si nyumba ya kula, na hakuna kanuni yoyote ya Kamati, ya sasa au itakayokuja, inayopagusa. Akatia sahihi. Bwana Mkubwa akatia sahihi kama shahidi. Kisha wakatoka, wakipita kati ya nguzo, bila kuangalia nyuma. Mama Eucabeth aliikunja karatasi ikawa ndogo, akaitia kifuani, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Hezekiah aliketi bila kuambiwa, akaletewa sahani mbili.

Habari ilifika Bondeni kabla ya motokaa kufika stesheni. Kesho yake wenye hoteli walianza kubomoa. Walitoa ukuta wa mbele kwanza, halafu wa pembeni, na kufikia mwisho wa mwezi huo watu wa Nakuru walikuwa wakila hewani, wamezungukwa na nguzo, wala hapakuwa na nyumba ya kula hata moja kwa maana ya kanuni.

Isipokuwa moja. Klabu ambamo Kamati yenyewe hula mchana ilikuwa na kuta nne za mawe, nene, za kujengwa zikae. Kufuta tangazo hakukuwezekana, maana kungekuwa kukiri kwamba nzi bado wapo, na taarifa ilikwisha kwenda Nairobi. Hezekiah alihamishiwa huko, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukagua. Alikuta mlango mmoja mkubwa wa mbele, ukawa wa kuingilia. Mlango wa pili ulikuwa wa jikoni.

Kwa hiyo kila siku, saa nane kasoro, Bwana Pettifer na waheshimiwa wenzake hupita jikoni mmoja mmoja, wakiinama chini ya kamba ya vitambaa vya kufutia vyombo na kuruka ndoo ya maganda. Nasimiyu, mpishi, husimama kando na kuwaambia, "Pole bwana, pita tu," nao humwitikia, "Asante, mama."