Mteja Mwenye Gamba

Jumatatu, 4 Machi
Mvua kubwa. Mtaro umefurika. Nafungua saluni, nakuta kobe mlangoni, mdogo kama sahani ya chai, ananikodolea macho kama mteja aliyechoka kusubiri. Hana mwenyewe. Nimeuliza mtaa mzima. Yaani nimeuliza mara moja, kwa sauti ndogo.

Akili ikanijia papo hapo! Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, tangu anunue televisheni amenimalizia wateja. Televisheni kila mtu anayo. Kobe je? Nimemweka dirishani kwenye boksi, juu ya taulo safi, na kabichi yake pembeni. Jina: Mheshimiwa. Mke wangu kauliza nani kaniambia huyu anakula kabichi. Maswali tu!

Jumanne, 5 Machi
Umati dirishani! Wamecheka, wamepiga picha, kisha wamevuka barabara kwenda kunyolewa kwa Wembe. Watu hawana haya.

Mmoja kasema Mheshimiwa amepauka. Kweli, gamba linabanduka vipande vipande. Mba! Sasa mba nani anaijua kunishinda mimi? Nimempaka mafuta ya nywele, yale ya wateja wa heshima, nikamsugua mpaka akang'aa. Kabichi hajaigusa. Anaringa.

Jumatano, 6 Machi
Bado hali. Nimempa mkate, wali, ndizi niliyomtafunia kwa meno yangu mwenyewe. Wapi! Macho yamevimba, hayafunguki.

Wembe alipita, akachungulia, akataka kusema neno. Nikamwambia sihitaji ushauri wa mtu anayewaachia watu ngazi kisogoni. Kaondoka zake. Nilifurahi mpaka jioni, mke wangu aliponiambia kwamba Wembe alifuga kobe miaka mingi, na mtaa mzima unajua isipokuwa mimi. Eti niende nikamwombe. Nimwombe Wembe! Bora ninyolewe kwa kisu cha jikoni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemnyanyua Mheshimiwa, shingo ikaning'inia. Moyo ulinipasuka. Kumbe nampenda huyu kiumbe! Nimemwita, nimempepea, nimemwomba radhi. Kimya. Mke wangu kasema kobe akifa kwa kiburi changu, nitamzika mwenyewe na chakula nitajipikia mwenyewe.

Nimefyata mkia, nimevuka barabara na boksi langu kwapani.

Wembe hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kwanza alimwosha Mheshimiwa kwa maji ya uvuguvugu, akamweka kwenye beseni. Akanionyesha ngozi katikati ya vidole, ya kuogelea. Huyu ni kobe wa maji, kasema; nje ya maji hata kumeza hawezi. Gamba kubanduka ni kawaida, ndivyo linavyokua. Ila mafuta ya nywele ni wazimu. Nikasema hata mimi nashangaa nani kampaka.

Nikauliza basi anakula nini. Hapo ndipo alipotoa sharti: nikae kwenye kiti chake cha dirishani, aninyoe, mchana kweupe. Kinyozi mimi! Nilitazama mlango. Nilitazama beseni. Nikakaa.

Mtaa mzima ulikuja. Wateja wangu wa zamani walipiga makofi. Huku mkasi unalia sikioni, Wembe akanifundisha: samaki wadogo, minyoo, maji yabadilishwe yakichafuka, jiwe la kupanda aote jua, na macho yaonwe na daktari wa mifugo. Yule bwana ana mkono mwepesi jamani. Nilisinzia. Siri hiyo haitoki humu.

Jumapili, 17 Machi
Amekula! Dawa ya matone imemfungua macho, akamwona samaki, akamrukia kama ana kesi naye. Nilipiga kelele, mke wangu akadhani nimeanguka. Nimemkimbilia Wembe kumpa habari. Tumekumbatiana katikati ya barabara. Baadaye kila mtu alijifuta kivyake.

Jumapili, 24 Machi
Daktari kasema amepona, na kwao ni bwawani, nyuma ya kiwanda cha matofali. Tumempeleka watatu: mimi, mke wangu, Wembe. Katumbukia bila hata kugeuka. Nilimngoja atoe kichwa aage. Hakutoa. Nimelia, na sioni aibu kuandika. Wembe alinipa kitambaa chake. Siku nzima sikumsema vibaya.

Jumanne, 26 Machi
Ujuzi wa namna hii kuuficha ni dhambi. Nimetundika kibao: MTAALAMU WA KOBE.

Kabla ya mchana kaja mama mmoja mshonaji na kobe wake kikapuni. Mkubwa, gamba kama kilima, miguu minene kama mchi. Kasema anampa majani, lakini wiki hii anakula kidogo. Majani! Nilicheka kitaalamu. Nikamweleza kwamba kobe hawezi kumeza nje ya maji, nikamtumbukiza kwenye pipa la saluni.

Akazama kama jiwe. Nikamwambia mama atulie, anapumzika.

Mke wangu ndiye aliyezamisha mkono akamchomoa. Mzima, ila kanitazama vibaya sana. Mama kamnyakua, kavuka barabara mbio kwa Wembe. Wembe kapaza sauti kutoka mlangoni kwake kwamba huyo ni kobe wa nchi kavu. Wivu huo!

Nimekaa, nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Maji yalikuwa baridi mno. Kesho nayapasha.